Kuhamisha akwariamu ya matumbawe ndani ya Nairobi: mwongozo kamili

Ukihama nyumba Nairobi, kitanda kitasubiri kwenye korido, friji itavumilia siku nzima bila stima, na kochi likikwaruzwa utalifunika kitambaa. Akwariamu ya maji chumvi haina subira hiyo. Dakika unapozima pampu, oksijeni inaanza kupungua majini na joto linaanza kushuka, na viumbe waliozoea mkondo mchana na usiku wanajikuta kwenye maji yaliyotuama. Ndiyo maana mimi hushikilia jambo moja kuliko mengine yote: nyumba mpya iwe na maji ya chumvi tayari, yenye joto na yanayozunguka, kabla hujachomoa waya hata mmoja kwenye nyumba ya zamani. Wengi hufanya kinyume. Wanafungasha tangi asubuhi, wanafika jioni, ndipo wanaanza kuulizia maji.

Nitachukua mfano wa tangi la lita 300 lenye samaki, mawe hai (mawe ya baharini yenye bakteria na viumbe wadogo) na matumbawe, linalotoka South B kwenda Kasarani. Ukiwa na lita 100, hatua ni hizi hizi kwa jasho dogo. Ukiwa na lita 800, tafuta watu zaidi na ukubali kwamba kazi huenda ikaingia siku ya pili.

Jua unachohamisha

Mali yako iko kwenye mawe. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti, wanaishi juu ya mawe, kwenye mchanga na ndani ya vichujio. Ndani ya maji yenyewe ni wachache mno. Maji yakimwagika utatengeneza mengine, lakini mawe yakikauka juani kwa nusu siku umerudi mwanzo kabisa, tena ukiwa na samaki wanaohitaji pa kuishi usiku huo huo. Maji ya zamani tunayabeba kwa sababu nyingine: viumbe wameshazoea kemia yake. Ukifika na nusu yake, au zaidi, matumbawe hayatashtuka sana.

Halafu kuna uzito. Tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50, la kioo cha milimita 10, lina uzito wa kilo 57 hivi likiwa tupu. Maji ya bahari yana kilo 1.025 kwa lita, kwa hiyo yaliyomo peke yake yanapita kilo 300. Jumlisha mawe, mchanga, stendi na sampu (tangi dogo la chini lenye vichujio), na umefika nusu tani iliyosimama mahali pamoja. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie mtapunguza maji kidogo, muache mchanga na mawe ndani, mbebe hivyo hivyo. Kioo cha chini hakikuundwa kupinda, na silikoni ya pembeni huachia bila kukupa taarifa. Unaweza kuijua kasoro hiyo siku tatu baadaye, maji yakiwa yamefika kwa jirani wa chini. Tangi linabebwa likiwa tupu kabisa.

Wiki mbili au tatu kabla

Nenda nyumba mpya na futi, pimamaji na kalamu ya kupima TDS, yaani kiasi cha madini yaliyoyeyuka majini. Tafuta mahali pa tangi kabla hujafikiria mahali pa runinga. Liwe kando ya ukuta, karibu na nguzo au boriti, lisipigwe na jua la saa tisa alasiri, na soketi iwe karibu lakini isiwe chini yake. Weka pimamaji sakafuni pande zote mbili. Sakafu za vigae katika gorofa nyingi zimeinama kuelekea bafuni au kwenye balkoni, na huwezi kuona kwa macho. Kama kuna tofauti, stendi itahitaji kuinuliwa kwa vipande vigumu chini ya miguu. Usitie kipande kati ya stendi na kioo.

Zungumza na keateka mapema, na kwa heshima, maana siku ya kuhama yeye ndiye mwenye geti. Muulize maji ya kaunti huja siku gani, jengo lina kisima au linanunua ya bauza, lifti inaruhusu mizigo au la, na mwisho wa kuingiza vitu ni saa ngapi. Upande wa nyumba unayotoka, hakikisha mwenye nyumba ameshathibitisha kwamba huna deni la kodi. Hakuna kitu kibaya kama kusimama getini na ndoo za samaki huku keateka akipiga simu isiyopokelewa.

Stima nayo iangalie. Mita ya tokeni iwe na yuniti za kutosha kwa siku kadhaa, na ujaribu kila soketi utakayotumia. Ekstensheni moja yenye plagi ya ampea 13 haipaswi kubebeshwa hita mbili, pampu zote, taa na birika la chai juu yake. Acha kila waya ushuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone la maji likiteleza kwenye waya lidondoke sakafuni.

Sasa maji, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Maji ya mfereji Nairobi yana klorini, ya visima mengi yana floraidi na madini mengine, na ya bauza hujui yametoka wapi. Yote yapitie mashine ya RO, inayosukuma maji kwenye utando unaozuia madini, mpaka kalamu isome sifuri au karibu na sifuri. Mashine iliyoandikwa galoni 75 kwa siku hutoa karibu lita 280 kwa saa 24 pale tu presha ni nzuri na maji si baridi. Kwenye gorofa inayotegemea tangi la juu ya paa, tegemea nusu yake au chini ya hapo, isipokuwa una pampu ya kuongeza presha. Anza wiki nzima kabla. Huna mashine? Maduka ya kujaza maji ya kunywa yako kila mtaa, na mengi yanatumia RO, lakini mengine hurudisha madini ili maji yawe na ladha. Nenda na kalamu yako, upime mbele ya muuzaji. Atakutazama kwa mshangao kidogo, lakini utajua unachonunua. Maji ya moto ya bomba la shaba au ya shawa ya umeme usiyaguse kabisa. Shaba kidogo tu inaua uduvi, konokono na matumbawe.

Tengeneza lita 150 za maji mapya kwa tangi la lita 300, na nyingine 60 za akiba. Chumvi ya akwariamu huhitaji takriban gramu 36 kwa lita, ikitegemea aina, kwa hiyo lita 150 zitakula kilo tano na nusu hivi. Lengo ni uzito mahususi wa 1.025 au 1.026, yaani gramu 35 za chumvi kwa kilo ya maji, au kile ambacho tangi lako linasoma sasa. Ukiwa unaishi na 1.024 siku zote, maji mapya yawe 1.024, siku ya kuhama si siku ya kurekebisha. Refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi, isawazishe kwa kimiminika maalumu cha gramu 35, maana iliyosawazishwa kwa maji matupu mara nyingi hupotoka ikipima maji ya bahari.

Kuna wanaopenda kuagiza mitungi ya maji ya bahari kutoka Mombasa kwa basi. Kama ndiyo desturi yako na tangi limezoea, endelea. Kama hujawahi, usianze wiki hii.

Vyombo

Nunua ndoo za lita 20 zenye vifuniko, mitungi ya maji, na masanduku mapana ya plastiki ya kuwekea matumbawe. Viwe vipya, au vilivyobeba chakula kikavu tu. Mtungi wa njano uliokuwa na mafuta ya kupikia hausafishiki vya kutosha hata ukiusugua kwa mchanga na maji ya moto, na utando wa mafuta juu ya maji huzuia oksijeni kuingia. Ndoo iliyowahi kubeba sabuni iache kwa kazi ya kudeki. Tafuta pia pipa moja la lita 200, la plastiki iliyotengenezewa chakula. Hilo ni la dharura: kioo kikipasuka njiani, viumbe wote watalala ndani yake pamoja na hita, pampu na mawe kadhaa, nawe utakuwa na siku mbili tatu za kutafuta tangi lingine.

Mkoba wa kazi uwe na glovu ndefu, miwani ya kukinga macho, mipira ya kunyonyea maji, taulo nyingi kuliko unavyodhani, termomita mbili, vipimo vya amonia na alkaliniti (uwezo wa maji kuhimili asidi), pampu za hewa zinazotumia betri au pawabenki, na kalamu ya kuandika kwenye kila kifuniko.

Kuhusu pampu za hewa nataka nikae kidogo. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa ni karibu asilimia 82 ya lile la Mombasa, na oksijeni inayoweza kuyeyuka majini nayo ni karibu asilimia hiyo hiyo. Ndani ya tangi lenye mkondo mzuri hutaona tofauti. Ndani ya ndoo iliyofunikwa, yenye samaki wawili aina ya kangaja wanaohema kwa woga, utaiona. Mwongozo wa mtu anayeishi kando ya bahari ukikwambia samaki watakaa saa mbili bila kuongezewa hewa, usiufuate kama ulivyo. Kila ndoo ya samaki iwe na jiwe lake la hewa, hata kama safari ni ya dakika 40, kwa sababu dakika 40 za ramani na dakika 40 za Thika Road si kitu kimoja.

Kuchagua siku

Mwisho wa mwezi malori ni adimu, lifti zina foleni na kila keateka amechoka. Ukiweza kulipia siku chache za nyumba mbili, hama Jumapili ya katikati ya mwezi, uanze saa kumi na mbili asubuhi. Juni hadi Agosti asubuhi za Nairobi hushuka hadi nyuzi 12 hivi, na ndoo hupoteza joto haraka kuliko tangi zima. Ukilazimika kuhama miezi hiyo, panga usafirishaji uwe saa sita mchana, na ufunge ndoo kwa blanketi au leso nzito.

Siku ya tangi isiwe siku ya vyombo vingine. Vitu vya nyumba viende kwanza, jana yake au wiki iliyotangulia, ili sakafu ya nyumba mpya iwe wazi na wewe usiwe unaulizwa sufuria ziwekwe wapi huku umeshika matumbawe mkononi.

Siku moja kabla

Acha kulisha samaki saa 24 kabla, au hata 48 kwa wakubwa. Samaki mwenye tumbo tupu huchafua ndoo kidogo, na hawatadhurika. Piga picha za tangi kutoka mbele, juu na pembeni. Kesho jioni hutakumbuka jiwe lipi lilikaa juu ya lipi.

Peleka maji mapya nyumba mpya usiku huo, uyaweke kwenye pipa na hita na pampu ndogo. Hili si la kufanya asubuhi. Hita ya wati 300 inahitaji saa tano au zaidi kupandisha lita 150 kutoka nyuzi 17 hadi 25, na hiyo ni kama stima haikatiki. Kama huna mtu wa kulala huko, mwachie keateka namba yako, na uhakikishe hita imezama kabisa na imefungwa isiguse plastiki.

Kufungua tangi

Zima hita kwanza, kisha ngoja dakika 20 au 30 ipoe ndani ya maji. Hita ya kioo ikitolewa moto moto hupasuka. Baada ya hapo zima vingine vyote.

Nyonya maji safi kabla hujagusa kitu chochote. Mdomo wa mpira ukae juu, mbali na mchanga. Jaza mitungi ya maji yatakayorudi kwenye tangi, ifunge, iandike, iweke kando. Kisha jaza vyombo vya matumbawe, vya mawe na vya samaki kwa maji hayo hayo safi. Mara tu mawe yatakapoanza kusogea, maji yatageuka rangi ya chai, na fursa hiyo imepita.

Matumbawe yatoke kwanza. Yale magumu yenye matawi, kama Acropora na Montipora, shika shina au kizibo lilichogundishwa juu yake, usishike ncha. Yale yenye nyama inayopepea, kama Euphyllia, yanataka utaratibu. Zima taa mapema, kisha upepee maji taratibu kwa mkono mbele yake. Utaona vikonyo vikirudi ndani kimoja kimoja mpaka mfupa mweupe wa pembeni uonekane. Hapo ndipo unaingiza chombo chini ya maji, unalisogeza ndani kwa kushika mfupa, na kutoa vyote viwili pamoja na maji yake. Ukilinyanyua hewani likiwa limevimba, uzito wa nyama hiyo iliyojaa maji utaichana kwenye ukingo wa mfupa, na jeraha hilo ndilo linalooza wiki ijayo.

Usichanganye matumbawe laini ya ngozi na yale magumu kwenye chombo kimoja. Yakisumbuliwa hutoa ute na kemikali za kujilinda, na ndani ya lita kumi hakuna pa kukimbilia. Zoanthus na Palythoa, yale yanayoota kama vitufe vilivyosongamana, yashike kwa glovu na miwani, kila mara. Baadhi yake yana palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi za asili zinazojulikana. Usiyasugue, usiyakate, na usimwage maji ya moto juu ya jiwe lenye hayo ndani ya nyumba.

Anemoni ni bora abaki kwenye jiwe lake, jiwe zima liingie ndooni peke yake. Akiwa ameshika kioo, pitisha ukucha uliokatwa vizuri, au kipande cha plastiki laini, chini ya ukingo wa mguu wake, kidogo kidogo, umwachie muda ajiachilie. Kumvuta ni kumchana.

Sasa mawe. Nyanyua la kwanza, ulishike juu ya tangi kwa sekunde kumi maji yachuruzike. Vitu vitaanza kudondoka: viti vya pweza (viumbe wenye umbo la nyota) vidogo vyenye mikono myembamba, kaa wa ukubwa wa punje ya mahindi, minyoo yenye nywele zinazochoma, na ndiyo maana glovu bado ziko mkononi. Ukisikia mgongano mkali kutoka tunduni, ni uduvi bastola, anayelia kwa kufyatua gando lake, na jiwe hilo litengewe ndoo yake ili asipotee wala asimdhuru mwingine. Mawe yakae yamezama na kufunikwa. Dakika chache hewani hazitawaua bakteria, lakini sponji zilizoota juu yake hewa huziua, na sponji iliyokufa ni amonia ya kesho.

Samaki ni wa mwisho. Maji yakibaki sentimita 15 na mawe yakiwa nje, unawachukua kwa utulivu ambao hungeupata ukianza nao. Tumia chombo kigumu cha plastiki badala ya wavu, hasa kwa kangaja, ambaye ana kisu pande zote mbili za mkia kinachonasa kwenye nyuzi, na ambacho hupasua hata mfuko wa plastiki. Samaki aina ya tafi ana miiba yenye sumu. Usimkamate kwa mkono mtupu. Wale wanaolala ndani ya mchanga wahesabu vizuri kabla hujaanza kuchota. Nemo wawili waliozoeana waende pamoja, wagomvi kila mmoja na ndoo yake.

Kisha mchanga. Mchanga wa miaka kadhaa, wenye kina cha zaidi ya sentimita tano, una tabaka jeusi chini lisilo na oksijeni. Ukichota hapo utapata harufu ya mayai yaliyooza. Hiyo ni haidrojeni salfaidi, na ni sumu kwa kila kilichokuwa tangini. Rai yangu ni kununua mchanga mpya na kuuosha vizuri. Chukua vikombe viwili vya tabaka la juu, mahali palipo safi, uvipeleke kama mbegu. Kama bajeti haitoshi, osha ule wa zamani mpaka maji yatoke safi, hata ukitumia maji ya mfereji, kisha umalizie na ya RO. Utawaua bakteria wake, lakini wale wa kwenye mawe watabeba kazi. Kinachoua tangi ni kuurudisha bila kuuosha.

Njiani

Tangi tupu lisafiri likiwa limesimama kwa kitako chake, juu ya ubao bapa wenye godoro jembamba, ndani ya lori lililofungwa au lenye turubai. Vijana wa kubeba washike chini ya kioo cha kitako, si ukingo wa juu. Wanne wanatosha kwa ngazi pana. Kwa ngazi nyembamba zenye kona, pima kona kwa futi siku uliyoenda kuangalia nyumba.

Viumbe wasipande lori. Wapakie kwenye gari dogo, Probox au la rafiki, madirisha yakiwa yamefungwa na hita ya gari ikiwashwa kama kuna baridi. Ndoo zijazwe theluthi mbili, ili hewa ibaki juu na maji yasimwagike kwenye matuta. Mwambie dereva, "Kaka, kwa matuta twende polepole, nitaongeza kitu kidogo," na umlipe hiyo nyongeza mkononi mkifika. Kila nusu saa fungua kifuniko cha ndoo ya samaki, uangalie jiwe la hewa bado linatoa mapovu, uguse maji.

Kusimamisha upya

Weka stendi, weka pimamaji, kisha tangi, kisha pimamaji tena. Mawe ya chini yaingie kwanza, halafu mchanga, kisha mawe mengine. Mawe ya chini yakae juu ya kioo chenyewe, yasikae juu ya mchanga ambao samaki watauchimba. Weka sahani au mfuko juu ya mchanga, umimine maji taratibu juu yake: ya zamani kwanza, yale safi tu uliyonyonya mwanzo, kisha mapya kutoka kwenye pipa. Maji ya chini ya ndoo za mawe yana uchafu na amonia, yamwage.

Washa pampu, hita na skima (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa mapovu). Hita mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa, kwa sababu ikifa moja usiku wa Julai nyingine itazuia tangi lisipoe kabisa, na moja ikikwama ikiwaka haitawapika. Pima joto na chumvi mara mbili, mwanzo na baada ya nusu saa, kwa kuwa maji ya zamani na mapya huchukua muda kuchanganyika. Maji yakiwa na ukungu kidogo usihangaike. Ni vumbi la mchanga. Yakiwa na harufu, simama hapo, pima amonia, na uache viumbe kwenye pipa lenye hita na hewa mpaka asubuhi. Hakuna ubaya katika kulala hivyo usiku mmoja.

Matumbawe yaanzie chini, hata yale yaliyokuwa juu kabisa. Samaki wakae ndooni mpaka joto la ndoo na la tangi litofautiane kwa nyuzi moja tu, na chumvi ilingane. Ikilingana, huna haja ya kuwazoesha kwa saa nzima; wachukue mmoja mmoja, maji ya ndoo yasiingie nao. Isipolingana, ongeza kikombe cha maji ya tangi kila dakika chache kwa nusu saa hivi. Wafanye hivyo taa ya tangi ikiwa imezimwa, na iache imezimwa mpaka kesho yake. Kabla ya kumwachia anemoni, funika midomo ya pampu kwa wavu, maana atatembea usiku kutafuta mahali.

Wiki zinazofuata

Pima amonia kila siku kwa wiki ya kwanza. Maji ya bahari yana pH ya 8 na kidogo, na kwenye pH hiyo sehemu ya amonia inayodhuru ni mara kumi hivi ya ile inayokuwepo kwenye pH 7, kwa hiyo kiasi ambacho samaki wa maji yasiyo na chumvi wangekivumilia hapa hakivumiliki. Kipimo kikionyesha 0.25, badilisha asilimia 20 hivi ya maji kwa kutumia zile lita 60 za akiba, na utengeneze nyingine siku hiyo hiyo.

Lisha kidogo sana kuanzia siku ya pili. Mwanga uwe nusu ya kawaida kwa wiki moja, uupandishe polepole. Matumbawe yaliyochoka yakipigwa na mwanga wote hufifia rangi. Kuhusu alkaliniti kuna mtego. Ukiwa unaongeza dawa ya alkaliniti kila siku kwa mashine, kumbuka kwamba matumbawe yaliyoshtuka huacha kukua kwa muda na kutumia kidogo. Dozi ya zamani itapandisha kipimo bila wewe kujua. Punguza hadi nusu, pima kila jioni, urudishe kadiri matumizi yanavyorudi.

Utaona ukungu wa kahawia juu ya mchanga mpya. Ni daiatomu, zitapita. Madoa meupe kama chumvi juu ya kangaja ni habari nyingine, ni ugonjwa, na kangaja huyapata haraka akisumbuliwa. Mwangalie kila asubuhi kwa mwezi mzima, na usiongeze samaki wala tumbawe jipya katika mwezi huo. Kama baadhi ya mawe yalikufa, usirudi na mengine kutoka likizo ya Watamu. Eneo hilo, pamoja na Malindi, ni hifadhi ya bahari tangu 1968, na kutoa matumbawe huko ni kosa.

Nyumba uliyotoka

Rudi ndani ya siku mbili na ndoo ya maji ya kawaida na kitambaa. Nyuma ya mahali palipokuwa na tangi kutakuwa na unga mweupe wa chumvi ukutani, kwenye soketi na kwenye nati za pazia. Zima swichi kuu kwanza, futa soketi kwa kitambaa kilichokamuliwa, kisha osha ukuta mara mbili, kwani chumvi iliyobaki hunyonya unyevu na kubambua rangi baada ya wiki, wakati mwenye nyumba anapigia hesabu dipoziti yako. Maji machafu na ule mchanga wa zamani visiishie kwenye bustani ya ploti. Maji yamwagwe chooni pamoja na maji mengine mengi, na mchanga uingie kwenye magunia ya taka, nusu gunia kila moja, la sivyo hayatanyanyuka.